Peasi Zilizotiwa Magadi

Nakumbuka Ramadhani moja ambayo nilikula mchana peke yangu katika nyumba ya watu waliofunga, mwanangu, na kila nikiikumbuka ulimi wangu hurudiwa na ladha ya sabuni. Kaa nikusimulie. Najua una haraka, vijana wa siku hizi hata uji mnaunywa mkiwa mmesimama, lakini jambo hili halina njia ya mkato. Mimi mwenyewe nilipotafuta njia ya mkato ndipo nilipopotea.

Kwanza nikwambie kwa nini nimeikumbuka wiki hii. Mjukuu wangu Kendi ameanza kuoka pai za matunda pale Meru mjini. Anaziuza kwa simu, na picha anazoziweka huko ni nzuri kuliko za harusi. Wiki jana alinitumia chupa ya rojo ya peasi huku Kibirichia, yaani yale matunda yaliyopikwa na sukari mpaka yakashikana, ambayo hukaa ndani ya pai. Chupa ililetwa na mtu wa viazi. Sijaifungua vizuri, simu ikalia.

"Shosh, iko aje?"

Nikaonja. Nikamwambia wanga haukuiva, unabaki mdomoni kama chaki, na karafuu amezimwaga kama anayetibu jino. Kisha akasema, "Shosh, si ungesema tu iko poa? Nishaposti." Akakata simu, na leo ni siku ya tano hajanipigia. Nimenuniwa na mtoto niliyemwogesha kwa mikono hii. Basi haya nayasema kwake, na kwako wewe, na kwa yeyote ambaye siku moja atapewa kijiko na kuulizwa iko aje.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba yangu alilima viazi hapa hapa Kibirichia, na ukingoni mwa shamba alikuwa na miti minne ya peasi. Peasi za kwetu usizifananishe na zile laini za dukani zilizofungwa karatasi. Zetu ni ngumu. Ukimrushia mtu moja utaitwa kwa chifu. Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakuwahi kuzingojea hizi, kwa maana hata zikiiva mtini bado zinataka moto. Lakini zikipata moto mdogo na muda wa kutosha, hakuna tunda linaloketi nazo meza moja.

Kazi shambani zilikuwa chache mwaka huo, nikapelekwa mjini Meru kwa shangazi yangu, aliyekaa karibu na mtaa wa Waislamu. Shangazi akanitafutia kazi ya jikoni kwa Mama Zuhura. Mumewe alikuwa na bucha, na binti yake Zuhura alikuwa ameshaolewa mbali, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi ya msichana. Ukimwuliza Mama Zuhura kabila lake alicheka, akasema babu mmoja alikuja na msafara, mwingine alikuja na jeshi, na nyanya wote wawili walikuwa Wameru waliowakuta hapa, "kwa hiyo wewe hesabu mwenyewe." Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye jicho kali. Aliniita kwa jina langu, Gakii, na tangu siku ya kwanza hakuniita vingine.

Mama Zuhura alikuwa mwoka pai. Mama yake mzazi alipika zamani katika jiko la shamba moja la ngano kule Timau, na huko ndiko alikojifunza kuoka pai. Alipohamia mjini akaitia iliki na mdalasini mpaka ikawa yao. Alipofariki, Mama Zuhura aliendelea nayo, na watu wa mtaa waliiita tu pai ya Bibi. Mwezi wa Ramadhani ndio uliokuwa na kazi nyingi kuliko yote, maana kila nyumba iliitaka kwenye futari.

Na hapo ndipo nilipopata cheo changu. Mtu aliyefunga haonji, mwanangu. Wapo waliosema kwamba mpishi anaweza kugusisha ncha ya ulimi na kutema, lakini Mama Zuhura hakutaka hata hilo. "Koo langu lina tamaa," alisema, "sitaki kulijaribu." Mimi ni mtoto wa kanisani, sikufunga. Basi akanifanya ulimi wake. Rojo ikikaribia kuwa tayari aliosha kijiko, akanichotea, akasubiri nipulize, kisha akaniuliza maswali matatu, kila siku yale yale kwa mpango ule ule. Sukari? Ukali? Mwisho wake? Hilo la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Tunda linaweza kukuchekea mdomoni, alisema, lakini mwisho wake, baada ya kumeza, ndio ukweli wake.

Nilijivuna sana. Wanaume wa buchani waliniita Ulimi wa Mama Zuhura, nami niliitika. Nilisema limau imepungua, limau ikaongezwa. Nilisema bado, sufuria ikarudi motoni. Mwanamke wa umri wa mama yangu, anayejulikana mji mzima, alikuwa akifuata neno la msichana wa mashamba ya viazi, bila kuuliza mara mbili.

Sasa nikwambie habari ya mdogo wake. Aliitwa Bi Salama, ameolewa Maua na mtu wa malori. Ndugu hawa wawili hawakuwa wamezungumza kwa miaka sita. Mama yao alifariki alfajiri, msimu wa mvua kubwa, na kama ujuavyo, Waislamu hawalazi maiti. Barabara ya Maua siku hizo ilikuwa udongo mtupu. Wazee walisema hakuna gari litakalopita, wakazika baada ya sala ya alasiri. Bi Salama alifika jioni ile ile, akakuta kaburi limeshafukiwa. Alimwambia dada yake neno moja tu, "Hukunisubiri," akageuka akaenda zake. Mama Zuhura alituma watu, akatuma salamu, akatuma zawadi za Idd. Zawadi zilirudi.

Halafu katika lile kumi la mwisho la Ramadhani ile, akaja kijana wa malori na ujumbe. Bi Salama anapitia mjini, atafuturu kwa dada yake. Na amesema anataka pai ya Bibi.

Ungemwona Mama Zuhura siku hiyo. Alifagia mahali palipofagiliwa. Alikwenda mwenyewe kuchagua peasi katika gunia alilotuletea baba yangu, moja moja, kama anayechagua mawe ya kujengea. Tulimenya nusu yake, tukazikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, tukaziloweka kwenye maji yenye chumvi kidogo zisigeuke nyeusi. Hizo tukazibandika motoni, nusu nyingine tukaiacha kwenye kapu na maganda yake. Ilipoadhiniwa adhuhuri na yeye akamaliza kuswali, alijifunga buibui aende kwa jirani kuazima sahani nzuri na kutafuta maziwa. Akaniachia maagizo yale yale ya kila siku. Moto mdogo, usiozima. Maji kidogo tu, tunda litatoa yake. Na sukari usitie mpaka lilainike. "Sukari ikitangulia," alisema, "tunda hujikaza. Ni kama mtu aliyesifiwa mapema, hataiva tena." Nami nikaitika, naam Mama.

Mwanangu, mwenye kuitika naam si lazima awe amesikia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi wa nguo, na kwa fundi palikuwa na gauni langu. Mama Zuhura alikuwa amenikatia kitambaa cha Idd kama binti yake, mimi nisiyesali Idd, cha rangi ya samawati chenye maua madogo. Nikajiambia naenda kulijaribu mara moja tu. Nikalijaribu. Nikageuka mbele ya kioo. Fundi akasema kiuno kinahitaji kupunguzwa, nikasimama apime, akapunguza, nikalijaribu tena. Kioo kina wizi wake, na hakiibi vitu, kinaiba saa.

Niliporudi jiko lilikuwa majivu. Nilichoma kipande cha peasi kwa uma, uma ukarudi kama umegonga ukuta. Nilipuliza makaa nikilia, na bado napuliza, muadhini akaanza alasiri. Saa mbili za kupika peasi, na muda wa kuoka juu yake, sikuwa nazo tena.

Basi nikafanya jambo ambalo Mmeru pekee ndiye angelifikiria. Kwetu maharagwe yakigoma, mama hatukani maharagwe, anatia magadi. Chembe kidogo tu, na githeri ya mahindi na maharagwe iliyotaka nusu siku inalainika kabla mtoto hajalia njaa. Mama Zuhura alikuwa na mkebe wa magadi rafuni kwa ajili ya maharagwe yake. Nikautelemsha. Nikatia kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Nikaona hakijafanya kitu, nikatia kingine. Mkono wa mwenye hofu haujui kipimo. Sufuria ikatoa povu dogo, nikalipuliza likaondoka, na peasi zikalegea huku nikizitazama. Ziligeuka rangi ya chai iliyolala, lakini nilijiambia mdalasini utaficha. Nilishukuru Mungu, unaamini? Nilimshukuru Mungu kwa ule werevu wangu.

Mama Zuhura akaingia na sahani zake. Akabonyeza kipande kwa mwiko, kikakubali. "Leo una mkono mzuri, Gakii," akasema. Akatia sukari, iliki, mdalasini. Kisha akakata limau, akakamua.

Sufuria nzima ikafura. Povu lilipanda mpaka kwenye ukingo, likamwagika juu ya makaa, jiko likapiga kelele na kutoa moshi. Mama Zuhura aliruka nyuma na nusu ya limau mkononi.

"Limau gani hii?"

"Moto ulikuwa mwingi, Mama."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Akanitazama kidogo, akatazama sufuria, lakini akili yake haikuwa pale, ilikuwa kwenye barabara ya Maua. Akaosha kijiko. Akanichotea, nikapuliza.

"Sukari?"

"Imetosha."

"Ukali?"

"Upo kwa mbali."

"Mwisho wake?"

Mwisho wake ulikuwa sabuni. Nilimeza, na ladha ya kufulia nguo ikanipanda puani. Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, na macho yake yalikuwa yananiamini. Ningesema hapo hapo, peasi nyingine zilikuwa kwenye kapu na jua bado lilikuwa juu, hata kama pai ingechelewa kidogo. Sikusema.

"Ni mzuri, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na hakuuliza mara mbili. Akakoroga wanga wa viazi kwa maji baridi, akautia taratibu, akaupika mpaka rojo ikang'aa. Akaipoza sufuria ndani ya beseni la maji, maana rojo ya moto hulowesha ganda la pai likawa ugali. Akatandaza unga, akajaza, akafunika, akakunja ukingo kwa vidole viwili kama alivyofunzwa na mama yake. Tukaipalia makaa, chini na juu ya kifuniko. Nyumba nzima ikanukia vizuri, na harufu ile ilinitesa kuliko kama ingenuka.

Bi Salama alifika zikiwa zimebaki dakika kama ishirini jua lizame. Mwembamba, mrefu kuliko dada yake, na sura yao moja. Walisalimiana kwa mikono kama watu waliokutana benki. Wanaume walikuwa wameelekea msikitini. Bi Salama akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, buibui hakulivua, pochi aliiweka mapajani akaishika kwa mikono miwili. Mtu anayekaa hivyo hajaja kukaa. Mama Zuhura akasema hili na lile, njia, mvua, watoto. Bi Salama akajibu neno moja moja. Mimi nilikuwa napanga vikombe. Mara akanyanyua pua, akanusa, uso wake ukabadilika kidogo.

"Tangu daku nimekuwa nikiiwaza hiyo pai," akasema. Hakumwambia dada yake, ni kama aliiambia pochi yake. "Sijui kama nitakumbuka ladha yake."

Mwanangu, nimewahi kuumwa na nyuki, nimezaa watoto watano, nimezika mume. Lakini yale maneno yalinichoma mahali ambapo sikujua pana nyama. Mwanamke huyu amefunga kutwa nzima. Kitu cha kwanza kizuri atakachokipeleka mdomoni, katika nyumba ya dada yake, baada ya miaka sita, kitakuwa sabuni. Naye atadhani nini? Atadhani ndivyo anavyopokewa.

Mama Zuhura alikuja jikoni kuikata pai. Alikuwa ameshaweka kisu juu yake. Nikamshika mkono wenye kisu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Mama, usiipeleke."

"Kwa nini?"

"Ina magadi. Moto ulizimika, nilikuwa kwa fundi. Nikatia magadi zilainike."

Hakupaza sauti. Akauliza taratibu, "Na ulipoonja, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ukasema ni mzuri."

"Nilisema, Mama."

Adhana ya magharibi ikaanza. Mama Zuhura akachukua tende, akasema bismillahi, akala, akanywa maji. Kisha akavunja pembe ya ile pai, akaitia mdomoni, akaitafuna yote na kuimeza, hakutema. Akajifuta midomo kwa ncha ya leso. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Akaninyooshea sinia ya uji na mahamri nimfuate, akaenda kwa mdogo wake mikono mitupu.

"Salama," akasema, "pai imeharibika. Imetiwa magadi jikoni mwangu, hailiki. Peasi nyingine zipo, lakini unazijua, ni zile za Kibirichia, zinataka saa mbili. Sijui kama unaweza kusubiri."

Nilitamani sakafu inimeze na sinia yangu. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, amwulize mtu huyu habari ya kusubiri! Bi Salama aliinua macho kumtazama dada yake. Kokwa ya tende ilikuwa bado mkononi mwake.

"Nitasubiri," akasema. "Katika ukoo huu lazima apatikane mmoja anayejua kusubiri."

Akainuka. Akaweka pochi chini, akavua buibui akalitundika nyuma ya mlango, akakunja mikono ya gauni. "Kisu kiko wapi?"

Walimaliza sala na uji, wakaketi jikoni juu ya vigoda viwili, kapu la peasi katikati, wakamenya. Mimi nilipewa kazi ya moto na sikuinuka mbele yake hata mbu waliponiuma. Peasi zikaingia sufuriani, zikaanza kutoa maji yake. Ndipo Mama Zuhura akasema, bila kuinua macho, "Siku ile waliniambia hakuna gari litakalopita."

"Hakuna lililopita," Bi Salama akajibu. "Nilitembea kutoka Kianjai. Viatu nilivishika mkononi."

Mama Zuhura akaweka kisu chini. Kutoka Kianjai, mwanangu, karibu nusu ya njia ile, kwa tope lile. Miaka sita alikuwa hajui. "Moyo wangu ulisema nikungoje," akasema. "Ulisema, nikausikia. Wazee wakaniuliza kama tuendelee, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana mkaidi. Nisamehe, mdogo wangu." Akalia, na Bi Salama naye akalia, huku ameshika peasi iliyomenywa nusu. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake, mikono yote ilikuwa na maji ya peasi. Walilia tu wakiwa wameegemeana mabega, na mimi nikapepea moto na kulia upande wangu.

Peasi zilipolainika kwa haki yake, walitia sukari, walitia limau, na sufuria haikusema kitu. Saumu ilikuwa imekwisha, kila mtu ana ulimi wake. Mama Zuhura alichota akamlisha mdogo wake, mdogo wake akachota akamlisha yeye. Hawakungoja hata ganda, waliila rojo ile vikombeni kwa vijiko. "Ndiyo yenyewe," Bi Salama akasema. Mimi nilisimama karibu na mlango, hakuna aliyeniuliza sukari wala ukali. Nilifurahi kwa ajili yao, na papo hapo nikajua nimepoteza kitu.

Kesho yake, mgeni ameshaondoka na ameshaahidi kurudi Idd, Mama Zuhura aliniita uani. Nikaenda na nguo zangu nimezifunga kwenye kanga, tayari kurudishwa kwetu.

"Magadi nimekusamehe pale pale," akasema. "Nani asiyeharakisha jikoni? Kwa fundi pia nimekusamehe, nami niliwahi kuwa msichana. Lakini lile neno 'mzuri', Gakii, hilo limenikaa. Mchana wa Ramadhani ulimi wangu nimeuweka kwa Mungu. Nilikupa wewe nafasi yake. Ukinidanganya wewe, nimebaki na nini?"

Hakunifukuza. Lakini siku nne zilizobaki alipika bila kuonja na bila kuniita. Alinusa, alitazama rojo inavyotiririka mwikoni, akakisia. Kijiko kilining'inia msumarini, safi, na kila nilipopita nilikiona. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wangu ulikuwa mzito siku hizo kama una mifupa yote ya mwili.

Mchana wa mwisho kabla ya Idd, nilikuwa naosha masufuria. Nikasikia kijiko kinatolewa msumarini. Akachota, akaninyooshea. Nikakausha mikono kwenye nguo, nikapuliza, nikaonja, nikameza, nikangoja mwisho wake.

"Limau imezidi, Mama," nikasema. "Kidogo tu. Lakini imezidi."

Akatabasamu mpaka macho yakafungika. Akaongeza sukari. Siku ya pili nilivaa gauni langu la samawati, nikala nao Idd, na Bi Salama alikuwepo. Miaka mingi baadaye, Mama Zuhura akiwa mgonjwa na mimi nimekwenda kumwona, aliniambia kwamba limau ile aliizidisha makusudi.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na wewe Kendi huko uliko usikie. Ukitaka rojo nzuri ya pai, moto wako uwe mdogo na usiuache. Magadi yaachie maharagwe. Sukari itie baada ya tunda kulainika, na wanga uupike mpaka ung'ae, ndipo mwisho wake utakuwa safi. Lakini kubwa kuliko hayo, mtu akikupa kijiko, amekupa ulimi wake. Anaweza kuwa amefunga, anaweza kuwa anaipenda kazi yake mno hata haoni kasoro, anaweza kuwa amechoka. Usimwambie ni tamu ili mpite salama siku hiyo. Mwambie ikiwa bado sufuriani, kungali na peasi kapuni na jua juu. Na kama ulishadanganya, rudi useme, hata kama kisu kimeshawekwa juu ya pai. Heri aibu ya jikoni kuliko ya sebuleni.

Na wewe uliyeambiwa wanga haukuiva, usimnunie aliyekwambia. Wa kukusifu utawapata wengi, simu yako imejaa wao. Ningekutia sukari mapema, ungejikaza, na mimi nakutaka uive.

Chupa yako, Kendi, nimeiosha. Kwetu chombo hakirudi kitupu, kwa hiyo nimekijaza wanga nilioukamua mwenyewe kwa viazi vya shamba letu, na gunia dogo la peasi linakuja na mtu wa viazi kesho asubuhi. Mungu akupe moto usiozima na mikono isiyochoka kungoja. Akupe wateja wenye njaa, na miongoni mwao wawili watatu wenye ukweli. Akuepushe na upweke wa mtu ambaye hakuna anayethubutu kumwambia kitu. Ukipika tena, nitumie. Ulimi wa shosh yako bado upo, na ni wako.